Kopo Linateleza, Mfuniko Unazama: Matunzo ya Kifungua Makopo cha Umeme

SWALI

Ndugu Mshauri, salamu.

Mama yangu ana maumivu ya viungo vya vidole na hawezi tena kuzungusha kifungua makopo cha mkono. Kwa hiyo tunatumia cha umeme, kile kinachosimama mezani, chenye mkono wa kubonyeza kwa juu na sumaku ya kushikia mfuniko. Mwanzoni kilikuwa kinakata vizuri. Siku hizi kinatusumbua.

Kwanza, kopo linateleza. Linazunguka nusu, halafu mashine inavuma tu na kopo limesimama palepale. Mama hulisukuma kwa mkono ili liendelee, na bado hubaki sehemu ambazo hazijakatika, tukamalizia kwa kisu. Pili, kuna makopo ambayo mfuniko wake haushikwi na sumaku kabisa. Unazama kwenye chakula, tunauchokonoa kwa uma. Tatu, wiki iliyopita nilichungulia kwa karibu nikaona utando mweusi unaonata kuzunguka kile kigurudumu, unanuka kama kitu kilichochacha. Nikaibeba mashine nzima nikaisuuza chini ya bomba. Ilikuwa imechomolewa kwenye umeme, lakini maji yaliingia kwenye matundu ya nyuma. Sasa iko juu ya kabati, naogopa kuichomeka.

Je, bado inafaa? Tuwe tunaisafishaje? Na mama anaweza kuitumia akiwa peke yake nyumbani bila hatari? Tuna pia kile kidogo cha betri ambacho hukwama juu ya kopo kikagoma kutoka. Naomba msaada wako.

Ni mimi,
Binti wa Mama

JIBU

Dada mpendwa, mpe mama pole na salamu zangu. Umefanya vyema kutoichomeka. Tuanzie hapo, maana hayo mengine yanaweza kungoja.

Nyuma ya yale matundu kuna mota yenye nyaya nyembamba za shaba zilizopakwa vanishi, kuna swichi inayobonyezwa na mkono wa mashine, na kuna gia zenye grisi. Kwa nje mashine inaweza kukauka upesi, ndani yakabaki matone kwa siku kadhaa. Ukiichomeka ikiwa hivyo, umeme unaweza kupitia kwenye unyevu hadi sehemu za chuma: kigurudumu, na kopo lenyewe ambalo mama amelishika. Mota kuungua ni hasara ndogo. Hilo la mama kupigwa na umeme ndilo la kuogopa.

Ifute, kisha iweke mahali pakavu penye hewa, matundu yakitazama chini. Usiianike karibu na jiko wala usiipulizie kikausha nywele cha moto, kwa sababu plastiki hupinda. Baada ya hapo ipeleke kwa fundi wa vifaa vya umeme aifungue, aikaushe, na apime kama nyaya hazivujishi umeme kabla haijarudi kwenye soketi. Kama kuifungua kutagharimu karibu sawa na kununua mpya, achana nayo. Mashine iliyozama mwili mzima ndani ya maji isirudi jikoni hata kama inaonekana nzima. Na siku yoyote kifaa cha umeme kikidondokea kwenye maji kikiwa bado kimechomekwa, mtu asikiguse wala asitie mkono majini. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kwanza, ndipo mchomoe plagi.

Sasa tuje kwenye kuteleza. Fundi akisema mashine iko salama, tatizo hili bado litakuwepo, kwa kuwa sidhani kama limetokana na mota.

Kazi yote ya mashine hii inafanywa na vigurudumu viwili. Kimoja ni kisu: kiduara cha chuma chenye makali pembeni, na kimefungwa kwenye ule mkono wa kubonyeza. Kingine kina meno, kiko kwenye mwili wa mashine, na ndicho kinachozungushwa na mota. Tazama mdomo wa kopo lolote. Mfuniko na ubavu vimekunjwa pamoja vikafanya ukingo mnene ulioinuka. Kigurudumu cha meno hukaa chini ya ukingo huo kwa nje. Kisu hukaa upande wa ndani, juu ya mfuniko. Mkono ukibonyezwa, kisu kinatoboa na ukingo unabanwa kati ya vigurudumu viwili. Meno yakigeuka huuvuta ukingo, kopo likazunguka, na kisu kikaendelea kupasua. Mota inaweza kuwa na nguvu zake zote na kopo lisisogee, kama meno hayana pa kushika. William Lyman wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kifungua kopo chenye kigurudumu cha kukatia mwaka 1870. Kigurudumu cha pili, hicho chenye meno, kiliongezwa mwaka 1925, na kiliongezwa ili kopo lishikwe vizuri lisiteleze. Kwa hiyo hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Ule utando mweusi uliouona ni mchanganyiko wa mchuzi uliokauka, mafuta, gundi na nyuzi za karatasi ya lebo, pamoja na vumbi laini la chuma linalotoka kwenye kopo kila linapokatwa. Hujaa katikati ya meno mpaka meno yanakuwa kama hayapo. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha. Chukua kopo lililofunguliwa karibuni, ligeuze, na utazame ukingo wake kwa chini, upande wa nje. Meno yanayoshika vizuri huacha alama ndogondogo za kubonyea, zilizopangana sawasawa mduara mzima. Palipoteleza, alama hupotea na badala yake unaona mchubuko unaong'aa. Alama zikiwa hafifu mduara mzima hata baada ya kusafisha, meno yamelika. Zikipotea sehemu moja tu, kopo lenyewe lilikuwa na kasoro hapo: limebonyea, au kuna mshono wa ubavuni.

Huo mshono wa ubavuni unastahili neno. Makopo mengi ya chuma yameungwa ubavuni, ukaona mstari wima kutoka juu hadi chini. Pale mstari unapokutana na ukingo, chuma kinakuwa kinene zaidi. Ukianza kukata hapohapo, kisu kinakosa kutoboa na meno yanaruka. Anza sentimita moja au mbili baada ya mshono, ili mashine iufikie mwishoni ikiwa tayari imeshika vizuri. Kama lebo ya karatasi imepanda hadi chini ya ukingo, ichane sehemu ya juu kabla ya kuanza, kwani karatasi ndiyo inayoziba meno haraka kuliko chakula.

Mama aache kulisukuma kopo. Najua anasaidia, lakini anapolisukuma, ukingo unatoka kwenye meno na kisu kinapanda juu ya mfuniko, ndiyo maana mnaona sehemu zilizorukwa. Tena vidole vyake vinakuwa karibu na chuma kilichokwisha kupasuliwa. Mashine ikivuma bila kopo kuzunguka, aachie mkono wa mashine mara moja. Mota iliyozuiwa isizunguke huvuta umeme mwingi na kupata joto kwa muda mfupi. Ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, chomoa, na usiitumie tena mpaka fundi aione.

Kuhusu usafi nitasema kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Watu huosha kisu cha mboga kila wanapokitumia, lakini hiki kisu cha duara kinachozama kwenye chakula cha kila kopo hukaa miezi bila kuguswa na sabuni. Mabaki ya samaki ya juma lililopita yanaingia kwenye maharage ya leo. Kanuni za chakula za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, zinazofuatwa na jikoni za biashara nchini humo, zinataka sehemu ya kukatia ya kifungua kopo iweze kutolewa kwa urahisi ili ioshwe au ibadilishwe, na zinataka ibaki kali ili isimwage chembe za chuma kwenye chakula. Jikoni kwa mama pahitaji kiwango hichohicho.

Chomoa plagi kwanza, usitegemee kwamba mkono haujabonyezwa. Halafu toa ule mkono wenye kisu. Kwenye mashine nyingi unauinua mpaka usimame wima kisha unauvuta kuelekea kwako. Nyingine zina kitufe kidogo pembeni, na nyingine zina skrubu. Usitumie nguvu, ukigoma tafuta kitufe. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa dakika 10 hadi 15, kisha usugue kisu pande zote mbili kwa mswaki wa meno uliostaafu, hasa pale katikati kinapozungukia, maana uchafu hujificha nyuma yake. Hakikisha kinazunguka chenyewe ukikigusa kwa mswaki. Kisu kilichoganda kinakwaruza mfuniko badala ya kuupasua. Suuza, kausha kwa kitambaa papo hapo, uache upate hewa kabla ya kuurudisha. Mashine ya kuoshea vyombo iepuke kama kijitabu cha maelekezo hakikuiruhusu, kwa sababu sabuni yake kali na unyevu wa muda mrefu hutia kutu.

Kigurudumu cha meno hakitoki, kwa hiyo kisafishe kilipo. Chovya mswaki kwenye maji ya sabuni, ukung'ute mpaka usidondoshe tone, kisha usugue meno ukielekea chini. Maji yasitiririke nyuma ya kigurudumu, huko ndiko kwenye mota. Uchafu mgumu kati ya jino na jino utoe kwa kijiti cha kuchokolea meno. Utaona kwamba ukijaribu kukizungusha kwa mkono hakigeuki, kwa kuwa gia zinakizuia. Kausha, rudisha mkono, chomeka, bonyeza kidogo sana kigeuke nusu, kisha chomoa tena na usafishe meno yaliyokuwa yamejificha. Inachosha kidogo, lakini upande usiofikiwa ndio unaoendelea kuteleza. Sumaku ifute kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kwa kitambaa kilicholowa maji safi, na ukwangue vumbi la chuma lililoganda juu yake. Mwili wa mashine hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa tu. Bomba, hata kwa haraka, hapana.

Kisu kioshwe kila siku mashine inapotumika. Meno yatosha kuyapiga mswaki mara moja kwa wiki, au papo hapo kopo likimwagika mchuzi. Kama kisu kina kutu ya juujuu, kiloweke kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, usugue, usuuze na ukaushe. Kutu ikiwa imechimba vishimo, au ile ngozi ya kung'aa inabanduka, usihangaike nacho. Nunua kingine kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Vivyo hivyo kwa kisu butu: utakijua kwa mota kulemewa mwanzoni kabisa wakati wa kutoboa, na kwa vijiuzi vya chuma vinavyobaki kwenye ukingo. Kukinoa kwa tupa nyumbani kunaharibu mduara wake, kikaanza kukata huku kinaruka.

Ukitaka kulainisha ekseli ya kisu, tone moja la mafuta ya madini yaliyoidhinishwa kugusa chakula linatosha, na yanayozidi yafutwe. Mafuta ya kupikia usitie. Yanaganda yakawa gundi, na mtarudi kwenye ule utando mweusi.

Namna ya kufungua kopo nayo ina mpangilio wake, na naomba umwelekeze mama taratibu. Mashine ikae juu ya meza iliyo sawa, mbali na sinki, waya usining'inie ukingoni wala kupita karibu na jiko. Mikono yake iwe mikavu. Juu ya kopo paoshwe kwa sabuni na pakaushwe, kwani kisu kinapoingia kinasukuma ndani chochote kilichokuwa juu ya mfuniko. Ainue mkono wa mashine, alete kopo likiwa limeinama kidogo, ukingo uingie kati ya vigurudumu viwili, kisha alinyooshe mpaka mfuniko uguse vijiti vya kuelekezea. Hapo ndipo abonyeze, kwa nguvu moja isiyositasita, mpaka asikie kisu kimetoboa. Kubonyeza nusu nusu kunazungusha meno kabla kisu hakijaingia, na meno yanachubua ukingo.

Kopo likizunguka, mkono mmoja ulishike kwa wepesi kwa chini, kuubeba uzito tu. Kopo zito linalobebwa na ukingo peke yake huvuta kuelekea chini, likatoka kwenye meno. Baadhi ya mashine hujizima mduara ukitimia, nyingine huzimwa kwa kuachia mkono. Kama yenu ni ya kuachia, izimwe mara tu mduara ukikamilika. Kurudia kukata mahali palepale ndiko kunakozalisha vile vijiuzi vya chuma vinavyoangukia kwenye chakula. Na kabla ya kuinua mkono wa mashine, alishike kopo vizuri, maana likiachiwa linadondoka hapohapo na kumwaga kila kitu.

Akiwa peke yake, ningependa afungue makopo madogo tu, yale yasiyozidi nusu kilo. Makubwa yakungoje wewe, kwa sababu mtu mwenye vidole vinavyouma anaweza kubonyeza kwa mkono mmoja lakini akashindwa kulishika kopo kwa mwingine wakati uleule. Mfuniko asiutoe kwa vidole vitupu. Aushike kwa koleo ya jikoni au kwa kitambaa kinene, na aushike bapa, asiupitishe kidole pembeni. Ukimaliza kukatwa, utumbukize ndani ya kopo tupu na ubonyeze mdomo wa kopo ujifunge kabla ya kutupa, ili anayebeba taka asikatwe. Akijikata, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kibanwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kikiwa kirefu, damu isipokata, au kama chanjo yake ya pepopunda ni ya zamani, aende hospitali.

Ipo aina nyingine ambayo ningeichagua kwa ajili yake siku mkinunua mpya. Badala ya kupasua mfuniko kwa juu, inakata ule ukunjo wa ukingo kwa ubavuni. Mfuniko unatoka mzima pamoja na sehemu ya ukunjo, na hauna makali ya kukata mkono. Kisu hakigusi chakula, na mfuniko hauzami kwa sababu ni mpana kuliko mdomo uliobaki. Unaweza kuurudisha juu kama kifuniko cha vumbi, lakini haufungi tena hewa, kwa hiyo usiudhani kuwa ni wa kuhifadhia. Mkinunua, soma pia volti zilizoandikwa kwenye kibao cha nyuma au chini. Mashine ya volti 120, kama zinazotumika Marekani, ikichomekwa kwenye umeme wa volti 220 hadi 240 mota inaungua mara moja.

Mifuniko isiyoshikwa na sumaku karibu yote ni ya alumini. Sumaku hushika chuma, haishiki alumini, na hakuna usafi utakaobadilisha hilo. Jaribu kabla ya kukata: gusisha sumaku ya jokofu kwenye mfuniko. Isiponasa, simamisha mashine ikiwa imebaki kama sentimita moja mduara utimie, toa kopo, kisha inua mfuniko kwa mpini wa kijiko. Kipande kilichobaki kitaushikilia usizame. Mifuniko ya chuma inayoanguka ni habari nyingine: sumaku imechafuka, au imekaa juu mno isiufikie mfuniko, au mfuniko haujakatika wote na uzito wa kopo unauvuta.

Makopo ya kuvuta kwa pete yana ukingo wa umbo tofauti kwa juu na mara nyingi hukataa mashine. Kama pete imekatika, ligeuze ujaribu upande wa chini, ikiwa tu chini kuna ukingo uliokunjwa. Lenye kitako cha mviringo kisicho na ukingo lisiwekwe kwenye mashine. Ya pembe nne hukwama kwenye kona. Kopo lililochemshwa lipoe kabisa kwanza, la sivyo litaruka mvuke na mchuzi wa moto usoni. Makopo ya kupuliza na yenye vimiminika vinavyoshika moto kirahisi yasikaribie kabisa, kwa kuwa mota hutoa cheche.

Na kuna kopo ambalo halipaswi kufunguliwa kwa chombo chochote: lililovimba, linalovuja, au lililobonyea sana kwenye ukingo au mshono. Bonyeo ambalo kidole kinalala ndani yake ni kubwa mno. Ndani ya kopo kama hilo panaweza kuwa na sumu ya bakteria Clostridium botulinum, ambayo haionekani, haina harufu wala ladha, na hata kiasi cha kuonja kinaweza kuua. Ukisikia kisu kinapotoboa hewa inavutwa kuingia ndani kwa mlio mdogo, hiyo ni kawaida. Kikiruka kitu kutoka ndani kuja nje, zima, msionje, tupeni kopo likiwa limefungwa ndani ya mifuko miwili mahali ambapo watoto na wanyama hawatafika, kisha osheni kisu na kila kilichorukiwa. Chakula kizuri kinachobaki kihamishieni kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko na mkiweke kwenye jokofu: chenye uchachu kama nyanya hukaa siku 5 hadi 7, nyama, samaki na mboga siku 3 hadi 4.

Kile kidogo cha betri kinakwama kwa sababu betri zinaishiwa nguvu katikati ya mduara. Kisu kimeshaingia chini ya ukingo, na hakitoki mpaka mota igeuke kurudi nyuma. Msikivute wala kukipiga, mtapinda ekseli. Wekeni betri mpya kikiwa bado juu ya kopo, zote kwa pamoja, za aina moja, msichanganye mpya na za zamani. Bonyezeni kitufe, kiacheni kimalize mduara, na msikiinue mpaka kisimame chenyewe, kwa kuwa baada ya kukata hurudi nyuma kidogo ili kuuachia ukingo. Kama hamkitumii kwa wiki kadhaa, toeni betri. Zikivuja, zinaacha unga mweupe kwenye vyuma vya ndani. Usugueni kwa pamba iliyochovywa kwenye siki mkiwa mmevaa glavu, kisha futeni kwa kitambaa chenye unyevu na mkaushe kabla ya kuweka betri nyingine.